Kuwinda vigari vya Kifaransa: Paris hadi Aix-les-Bains na tela tupu

Jumamosi, Paris

Maonyesho ya magari ya zamani ya Rétromobile yapo tangu 1976 na hufanyika katika kumbi za Porte de Versailles mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Anayetafuta kigari, yaani gari dogo kabisa la injini ndogo, asije hapa kununua kigari. Kilichowekwa juu ya zulia kimeshapakwa rangi, na chini ya rangi mpya huwezi kujua kama bati limechomelewa au limekandikwa kwa bodi fila. Meza za pembeni ndizo zenye faida: wauza katalogi za vipuri, vitabu vya mwenye gari, nembo, vioo vya taa na vitasa. Ukipata katalogi ya vipuri yenye michoro, inunue kabla hujawa na gari. Muuzaji wa Nevers, wa Ubelgiji na wa Ujerumani hawazungumzi lugha moja, lakini namba ya kipuri wote wanaielewa.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Vigari vya Kifaransa ni vizazi viwili. Cha kwanza kilizaliwa na uhaba wa petroli na chuma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake: Rovin, Mochet, Inter, Reyonnah, Velam, Vespa 400. Kilikufa pale Citroën 2CV na Renault 4CV zilipoanza kupatikana kwa bei nafuu, kwa sababu kwa fedha ileile mtu alipata viti vinne na mlango unaofunga. Kizazi cha pili ni vigari visivyohitaji leseni vya miaka ya 1970 na 1980: Mini Comtesse, KV, Arola, Ligier JS4. Cha kwanza kina bei na wapenzi wengi. Cha pili bado kimelala kwenye mabanda, chini ya magunia ya viazi, na wenye nyumba hawajui kwamba kuna mtu anakitafuta.

Kanuni ya kununua ni moja kwa vizazi vyote. Injini ya kigari mara nyingi ina ndugu zake mahali pengine, kwenye pikipiki au mashine ya bustani. Kioo cha mbele, bawaba za mlango, fremu ya dirisha na kifuniko cha taa havina ndugu. Kwa hiyo gari lililokamilika lenye injini iliyokwama ni bora kuliko gari linalonguruma vizuri huku likikosa vioo. Wanunuzi wengi hufanya kinyume, wakavutwa na mlio.

Usiku ni wa Leboncoin, tovuti ya matangazo madogo ambayo Wafaransa hutumia kuuza kila kitu. Usitafute kwenye sehemu ya magari peke yake. Vespa 400 huwekwa kwenye skuta kwa sababu ya jina lake. Vélocar za Mochet, zile za pedali, hutokea kwenye baiskeli. Andika «ACMA» (kiwanda cha Vespa 400), «voiturette ancienne» (kigari cha zamani), «Velam», kisha «Vélam» yenye alama, halafu «Isetta» bila jina lingine, maana Velam ni Isetta iliyotengenezwa Ufaransa, na wengi hawajui kama walichonacho ni cha Kifaransa. Tangazo lenye picha moja yenye ukungu, bila bei, ndilo la kupigia simu kwanza.

Jumapili, Vincennes

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wenye magari ya zamani hukusanyika uwanjani mbele ya kasri la Vincennes, mashariki mwa Paris. Hakuna kiingilio wala zulia. Baridi ni kali na magari yamekuja kwa magurudumu yake, kwa hiyo hapa unaona kigari kinavyoishi: jinsi kinavyowaka asubuhi, moshi wa rangi gani, nini kinadondoka chini yake kikishazimwa.

Ukiikuta Velam, itazame kwa makini kabla ya kuamini maneno ya mtu yeyote kuhusu vipuri. Isetta ilibuniwa na Iso ya Italia, na leseni zikauzwa kwa BMW upande mmoja na kwa Velam upande mwingine. Velam ilitengenezwa Suresnes kuanzia 1955. Kwa mbali zinafanana kabisa, mlango mmoja mbele na usukani uliofungwa humo humo. Kwa karibu ni magari mawili tofauti. BMW ina chesisi na injini ya pikipiki ya mipigo minne. Velam haina chesisi kamili: bodi ndiyo inayobeba, na fremu ndogo ya nyuma imefungwa kwa bolti. Injini yake ni ya Iso, cc 236, ya mipigo miwili, yenye pistoni mbili zinazotumia chumba kimoja cha mwako. Mlango wa Velam hufunguliwa kwa kitufe badala ya kitasa, na spidomita imo katikati ya usukani. Mtu akiagiza mpira wa mlango au bati la sakafu la BMW, ambavyo ni rahisi kupata, vitafika nyumbani na havitakaa. Hilo ndilo kosa la gharama kubwa zaidi kwenye gari hili.

Pistoni mbili kwenye chumba kimoja zina jambo lake. Moja hufungua tundu la moshi, nyingine tundu la kuingizia mchanganyiko, na ile ya moshi ndiyo inayopata joto zaidi. Injini ikikwama, karibu kila mara ni hiyo. Ukitoa silinda kagua ukuta wa upande wa moshi kwanza. Mikwaruzo ya wima unayoihisi kwa ukucha maana yake ni kuchonga upya na kutafuta pistoni kubwa zaidi.

Jumatatu, Puteaux, Suresnes na Saint-Denis

Siku fupi. Viwanda havipo tena kama viwanda, na anayekuja kutafuta mabaki yake atakuta ofisi za La Défense.

Hata hivyo, kujua kilichotengenezwa wapi husaidia, kwa sababu vipuri vilivyosahauliwa hupatikana karibu na mahali vilipozaliwa. Puteaux ni kwa Mochet. Charles Mochet alianza na gari la pedali la watu wawili, na baiskeli yake ya kulala ndiyo aliyotumia Francis Faure mwaka 1933 kuvunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 45.055, mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha baiskeli kikaiondoa kwenye mashindano. Mwanawe Georges ndiye aliyetengeneza CM 125 ya miaka ya 1950, kigari cha viti viwili chenye injini ya Ydral ya cc 125. Faida yake kubwa wakati ule ilikuwa kwamba dereva hakuhitaji leseni.

Ydral hiyo ndiyo habari njema ya siku. Pikipiki nyingi za Kifaransa za miaka ya 1950 ziliunganishwa na mafundi wadogo walionunua injini kwa Ydral. Pistoni, ringi, plati na kabureta zake hutafutwa kwa wauza vipuri vya pikipiki, ambao hawajui kabisa bei ya kigari. Usimwambie muuzaji kwamba ni ya Mochet. Mwambie namba ya injini.

Saint-Denis ilikuwa ya Rovin, kwenye kiwanda kilichokuwa cha Delaunay-Belleville. D1 ilionyeshwa 1946 ikiwa na silinda moja. D2, D3 na D4 zina silinda mbili zilizolala, cc 423 kwenye D2 na D3, cc 462 kwenye D4, na zinapoozwa kwa maji. Hapo ndipo hatari ya Rovin ilipo: gari lililoachwa bandani na maji ndani yake hupasuka bloku baridi ya kwanza kali. Pitisha kidole na tochi kwenye kuta za maji upande wa chini. Ufa wa baridi huwa mrefu na mnyoofu, na mara nyingi umepakwa gundi ya chuma na rangi juu yake. Injini hii haina ndugu popote, hivyo bloku iliyopasuka hubadilisha bei nzima.

Jumanne, Paris hadi Fourchambault

Kilomita 240 hivi hadi Nevers, kwa A77 sehemu kubwa. Fourchambault iko kando ya mto Loire, dakika chache kutoka Nevers, na ndipo ACMA ilipotengeneza Vespa chini ya leseni ya Piaggio. Skuta zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kiwanda hichohicho kilitoa Vespa 150 TAP ya askari wa miavuli, skuta iliyobeba mzinga wa mm 75, kitu ambacho mpaka leo mtu akiona picha yake hufikiri ni mzaha. Vespa 400 ilizinduliwa Monaco tarehe 26 Septemba 1957, mbele ya madereva wa mashindano Fangio, Chiron na Behra, na ilikoma 1961.

Wasomaji wa Unguja na Dar es Salaam wanaijua Vespa ya magurudumu mawili vizuri kuliko Wafaransa wengi, kwa hiyo onyo hili ni lao: hakuna kipuri cha injini ya skuta kinachoingia kwenye 400. Ni injini yake peke yake, silinda mbili, mipigo miwili, kipenyo mm 63 kwa mwendo wa pistoni mm 63, cc 393, inapoozwa kwa feni, iko nyuma. Kinachofanana na skuta ni tabia zake tu: oili ndani ya petroli, sili za krenki, na hasira ikinyimwa hewa.

Gari la kukagua, Vespa 400 ya 1959, liko bandani nje ya mji, halijawaka kwa miaka mingi. Mwenyewe amelitoa uani, na hilo ni jambo la kuomba kila mara. Bandani huoni kitu.

Anza na bati, siyo injini. Vuta droo ya betri. Kwenye 400 betri imekaa mbele, nyuma ya grili ya bandia, kwenye trei inayotoka kama droo. Asidi ya miaka hula reli za droo kisha bati la chini. Toa betri, gonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Bati zima hulia, bati lililokwisha hutoa sauti ya kadibodi. Kisha inua kiti cha abiria na utoe tairi ya akiba iliyofichwa chini yake. Maji yanayoingia kwa paa la turubai hutuama hapo, na wengi waliopaka gari rangi hawakuwahi kuinua tairi hiyo. Hapa pamepatikana kutu yenye mashimo mawili ya ukubwa wa sarafu, pembeni ni imara. Hiyo ni kazi ya siku moja kwa mchomeleaji mzuri.

Milango hufungukia nyuma, yaani bawaba ziko nguzo ya nyuma. Fungua mlango nusu, shika ncha yake na uinue. Kucheza kidogo ni pini zimelika, na pini huchongwa kwa mashine ya lathe. Ukiona nguzo yenyewe inasogea pamoja na bawaba, acha. Bodi hii haina chesisi, nguzo ndiyo mgongo wake. Kagua pia bati la chini ya mlango kwa urefu wote, kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku ikidondoka, hapo pana bodi fila.

Paa limechanika. Halipunguzi thamani kama watu wanavyodhani, kwa sababu fundi yeyote wa viti hushona turubai akipewa la zamani kama kipimo. Uliza badala yake kama fito za paa na vishikizo vya mbele vipo vyote. Kioo cha mbele hakina ufa. Grili, vifuniko vya magurudumu na fremu za madirisha zipo. Kwa kanuni ya Jumamosi, gari hili limeshajiuza nusu kabla ya boneti ya nyuma kufunguliwa.

Sasa injini. Usikubali ipigwe starta. Injini ya mipigo miwili iliyolala huwa na kutu nyembamba kwenye ukuta wa silinda, na kuipiga kikavu huvunja ringi, ambazo huingia kwenye tundu la moshi na kumaliza kila kitu. Toa plagi zote mbili. Weka oili ya 2T ml 5 kwa kila silinda kwa bomba la sindano, ngoja kadiri mwenye gari anavyoruhusu, na kama anaruhusu usiku mzima ni vizuri zaidi. Kisha weka gia ya juu kabisa, ambayo kwa 400 za kawaida ni ya tatu, na usukume gari kwa mkono sentimita chache mbele na nyuma. GT ya 1961 ndiyo yenye gia nne. Injini ikigoma usilazimishe, kamua oili nyingine na urudi kesho.

Ikishazunguka, pima kompresheni, kabureta ikiwa imefunguka kabisa. Tofauti kati ya silinda mbili ndiyo ya kutazama kuliko namba yenyewe. Ikizidi bari 1 kuna ringi iliyokwama au gasketi iliyopuliza. Tazama bati za kupitishia hewa ya feni: zote ziwepo na skrubu zake. Mafundi waliopita walizitupa kwa sababu zinachosha kurudisha, na silinda iliyonyimwa hewa hukwama kwenye mlima wa kwanza wa maana. Hapa bati moja halipo. Andika kwenye daftari na kwenye bei.

Sili za krenki hazionekani bila kufungua, lakini gari lililolala zaidi ya miaka 10 lihesabiwe kwamba sili zake zimekufa. Mpira hukauka na mdomo wake hukakamaa. Ya upande wa nje ikivuja, injini huvuta hewa isiyopitia kabureta, mchanganyiko hukosa petroli na pamoja nayo oili, mlio hupanda wenyewe, na baada ya kilomita chache pistoni hukwama. Ya upande wa giaboksi ikivuja, injini huvuta oili ya gia: moshi wa buluu usiokwisha na giaboksi inayopungua bila tone sakafuni. Sili ni rahisi na huuzwa kwa kipimo, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwenye duka lolote la beringi. Kazi yake ndiyo ghali, maana injini lazima ishuke.

Jumatano, Nevers: makaratasi na tela

Asubuhi ni ya karatasi. Kadi ya gari ya Kifaransa, carte grise, iwe ya jina la muuzaji au la marehemu ambaye muuzaji anaweza kuonyesha kwamba amemrithi. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati na ile ya kadi, tarakimu moja moja, kwa tochi. Namba ya kibao kilichofungwa kwa ribiti peke yake haitoshi, kibao huhamishwa. Muuzaji apige mstari kwenye kadi, aandike «vendu le», tarehe na saa, na kusaini. Fomu ya mauzo ni Cerfa 15776, nakala mbili. Cheti cha hali ya gari, kinachoonyesha kwamba halina deni wala zuio, kiwe na umri usiozidi siku 15. Mnunuzi ana mwezi mmoja wa kubadilisha jina.

Ukaguzi wa lazima una mpaka unaostahili kukumbukwa. Gari lenye kadi ya «collection», yaani ya gari la kihistoria, lililoingia barabarani kabla ya 1 Januari 1960 limesamehewa ukaguzi. La baada ya hapo hukaguliwa kila miaka 5. Kwa hiyo Vespa 400 ya 1959 na ya 1960, ndugu wa mstari mmoja wa kiwanda, hazina mzigo sawa. Likiwa bado na kadi ya kawaida, muuzaji anadaiwa ukaguzi usiozidi miezi 6, jambo lisilowezekana kwa gari lisilowaka. Njia ni kuliomba FFVE, shirikisho la magari ya kihistoria la Ufaransa, litoe hati, ambayo gari la zaidi ya miaka 30 linaweza kupata, kisha kadi mpya ya «collection» iombwe mtandaoni. Piga picha za namba ya chesisi, kibao na pande nne za gari kabla halijapanda tela. Hati itazitaka, na uani pana mwanga mzuri kuliko gereji yako.

Mchana ni wa tela, na hapa vigari vina utamu wao. Vespa 400 ina uzito wa kg 375 hivi. Tela la kg 250 na vipuri vya kg 60 havifikishi 750. Leseni ya kawaida ya B inatosha. Lakini soma sheria mpaka mwisho: tela la kg 750 lisilo na breki linaruhusiwa tu kama uzito wake hauzidi nusu ya uzito mtupu wa gari linalovuta. Gari lako likiwa chini ya kg 1,500, kodi tela lenye breki. Na tela la zaidi ya kg 500 liwe na namba yake na kadi yake.

Kodi tela la sakafu tambarare, siyo la reli mbili. Kwa 400 reli mbili zinafaa, lakini Velam ina magurudumu ya nyuma yaliyokaribiana sana, na Inter na Reyonnah huleta magurudumu mahali ambapo reli haipo. Atakayewinda aina zaidi ya moja asijifunge.

Upande wa kupakia unabishaniwa. Injini iko nyuma, na ukipakia gari likitazama mbele, uzito unaangukia mkiani mwa tela na tela huanza kuyumba kwenye kasi. Ukilipakia kinyumenyume, injini inakaa mbele ya ekseli na milango inayofungukia nyuma inasukumwa na upepo ijifunge badala ya kufunguka. Ubaya ni turubai: upepo unaingia chini ya ukingo wake wa nyuma na kulipasua. Tunachagua kinyumenyume, paa likikunjwa na kuvuliwa kabisa, uwazi ukifunikwa kwa maturubai mawili na kamba. Mikanda ifungwe kwenye magurudumu, minne, kila mmoja peke yake. Ukifunga bodi, gari litapumua kwenye springi zake na mkanda utalegea kilomita ya ishirini. Simama kilomita 10 baada ya kuondoka, kaza tena.

Alhamisi, Nevers hadi Abrest

Kilomita 110 hivi kusini, Abrest iko ubavuni mwa Vichy. Hapa Guy Ligier, ambaye timu yake ya Formula 1 ilianza 1976 na kushinda Uswidi 1977, aliamua mwaka 1980 kutengeneza sanduku la cc 50 lisilohitaji leseni. Linaitwa JS4, na herufi hizo mbili ni za rafiki yake Jo Schlesser aliyekufa mashindanoni mwaka 1968, zilezile zilizo kwenye magari ya Formula 1. Ni la chuma, lina pembe kali, na hakuna atakayeliita zuri. Ila kati ya vya kizazi cha pili ndilo lililofikiriwa kama gari, si kama mopedi yenye paa.

Vya kizazi hiki vina ugonjwa unaofanana: mkanda wa kubadilishia mwendo. Gari likishindwa kufika kasi yake huku injini ikipiga kelele, wengi hufungua kabureta. Pima kwanza upana wa mkanda kwa kalipa na ulinganishe na mpya. Ukipungua mm 2 mkanda unazama kwenye puli na mwendo wa juu unapotea. Puli zenyewe ziwe laini, bila ngazi. KV haina hata mkanda wa namna hiyo, ina rola zinazosugua tairi za nyuma. Mvua ikinyesha huteleza, na tairi huliwa kutoka katikati. Ajabu ni kwamba ilifanya kazi.

Mini Comtesse ya kwanza, iliyotengenezwa na ACOMA huko Angers, ina gurudumu moja mbele na viguru viwili vidogo vya kuzuia isipinduke. Viguru hivyo ndivyo vinavyokosekana. Bodi yake ni ya faiba, hivyo kagua nyufa kuzunguka bolti. Faiba hutengenezeka nyumbani kwa resini na kitambaa, jambo linaloifanya kuwa kigari kizuri cha kuanzia. Injini mara nyingi ni ya mopedi ya Motobécane, na hizo bado zimejaa kila kijiji.

Makaratasi ya kizazi cha pili ni mabaya zaidi. Vigari vingi vilihesabiwa kama mopedi na havikuwahi kuwa na kadi. Omba risiti ya kwanza, kitabu, na barua ya muuzaji yenye namba ya chesisi.

Ijumaa, Lyon

Kaskazini kidogo, Rochetaillée-sur-Saône, jiji la Lyon lina jumba la Henri Malartre, makumbusho ya magari yenye umri mkubwa kuliko mengine yote Ufaransa yaliyo wazi kwa umma. Lakini Lyon tumeijia kwa Inter. Kiwanda cha ndege cha serikali, SNCAN, kilitengeneza hapa kati ya 1953 na 1956 kigari cha magurudumu matatu, abiria nyuma ya dereva, mfuniko wa plastiki juu kama wa ndege. Aina moja ilikunja magurudumu ya mbele ili ipite kwenye ujia wa nyumba, wazo ambalo Reyonnah nayo ililitumia. Maungio ya kukunjia ni mahali pa kwanza pa kukagua: kila pini ikilika robo milimita, gurudumu hupata milimita kadhaa za kuyumba. Mfuniko wa plastiki ukipasuka hutengenezwa upya kwa kufinyangwa juu ya kalibu, kazi ya wachache na ya bei mbaya. Injini? Ydral, cc 175. Vipuri viko kwenye maboksi ya wauza pikipiki.

Ukiyafikia maboksi hayo, nenda na kalipa na vipimo vilivyoandikwa: kipenyo cha silinda, kipenyo cha pini ya pistoni, urefu kutoka pini hadi kichwa cha pistoni. Pistoni inayofanana kwa kipenyo lakini yenye pini ya juu zaidi au ya chini zaidi itabadilisha muda wa kufunguka matundu, na injini itawaka vibaya bila wewe kujua kwa nini.

Jumamosi, Aix-les-Bains

Kilomita 105 hivi mashariki. Arola ilipokufa, mabaki yake yalizaa Aixam hapa mwaka 1983, na sasa mtoto wa miaka 14 mwenye leseni ya AM, ya mopedi na vigari, anaendesha kigari kipya cha kilomita 45 kwa saa. Ndiyo maana sehemu ya vigari kwenye matangazo imejaa vipya, na vya zamani vinazama kurasa za chini.

Vespa inashushwa. Agizo la kwanza: sili za krenki, mipira ya silinda za breki, mirija ya breki, mirija ya petroli inayovumilia ethanoli. Silinda za breki zilizoliwa huchongwa na kuwekewa bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu. Hilo hudumu kuliko kutafuta mpya za miaka 60. Tairi asili ni 4.40-10. Za Mini, 145/80 R10, bado zinatengenezwa, lakini ni pana zaidi, kwa hiyo zungusha usukani mpaka mwisho pande zote na uhakikishe hazigusi bodi kabla ya kununua nne.

Tangi lioshwe kabla ya mwasho wa kwanza. Tumia petroli ya SP98, siyo SP95-E10, ambayo ina ethanoli hadi asilimia 10 na huvuta maji ikilala. Kiwango cha oili kifuate kitabu cha gari lako. Kwa asilimia 2, lita 10 hutaka ml 200. Kwa asilimia 4, ml 400. Changanya ndani ya dumu, siyo ndani ya tangi, na utikise. Kwenye mteremko mrefu usiachie kanyagio la petroli moja kwa moja, maana bila petroli hakuna oili. Gusa kidogo kila sekunde chache. Baada ya kilomita 20 za kwanza zima injini ikiwa bado kwenye mwendo, klachi ikiwa imekanyagwa, simama kando, toa plagi. Kahawia ni sawa. Nyeupe kwenye moja tu, rudi kwenye zile bati za feni.